Baraza la Bi Mwanakuu Laenda Kazini

Jumatatu asubuhi, Bi Mwanakuu alifungua mlango wa nyumba yake ya Mji wa Kale, fagio mkono huu na ndoo ya maji mkono huu, akakuta baraza lake moja limeondoka. La kulia lilikuwapo. La kushoto halikuwapo. Ukutani palibaki alama ya mgongo wake, na chini, mahali lilipokuwa limekaa tangu babu yake alijenge kwa mawe na chokaa, palikuwa na kifungo cha kanzu, kokwa za tende, kipande cha penseli, na pete ya fedha ambayo shangazi yake zamani alimsingizia mtumishi kwamba kaiiba. Bi Mwanakuu aliiokota pete, akamwombea dua yule mtumishi, akamwombea na shangazi, kisha akafagia, kwani mahali hapo hapakuwa pamepata kufagiwa.

Jirani yake Sheikha akachungulia dirishani.

"Baraza lako li wapi, Bi Mwanakuu?"

"Limekwenda kazini."

"Lo! Na jua hili." Sheikha akarudi kwenye mbaazi zake zisije zikaungua.

Bi Mwanakuu hakuwa na haja ya kuuliza ni kazi gani. Siku hiyo ndiyo Barnabas Kioko alikuwa ameanza ukarani katika afisi ya serikali ya mambo ya mji, na Kioko ndiye aliyelikalia baraza lile kuliko mtu mwingine yeyote aliye hai.

Ilikuwa mwaka wa nne tangu vita vya Wazungu viishe, lakini habari yenyewe ilianza zamani kidogo. Marehemu mumewe Bi Mwanakuu aliwahi kwenda afisi moja kueleza habari ya mfereji uliokuwa ukimwaga maji machafu ukumbini mwake. Alikuwa mtu wa maneno mapana, wa kuanzia habari kwa babu wa jirani. Karani akamkatiza hata kwenye mfereji hajafika. Mzee wa watu akarudi nyumbani na maneno yake yote yaliyobaki, na hakuyatoa tena. Yalimkaa kifuani mpaka akafa nayo, na waliomwosha walisema alikuwa mzito kupita mwili wake. Ilibidi jeneza lichukuliwe na wanaume mara mbili ya kawaida, na mfereji ukaendelea kumwaga.

Baada ya eda kwisha, Bi Mwanakuu alikwenda kwa Bwana Abdeali, muuza leso wa mtaa wa maduka, mtu ambaye naye alikuwa amekatizwa katika afisi nyingi na kwa lugha zaidi ya moja. Wakakaa dukani mpaka adhuhuri. Hapo ndipo kilipozaliwa Chama cha Hidima, yaani cha utumishi. Kazi ya chama ilikuwa kuwachukua vijana waliosoma Makerere na kuwatayarisha kuwa watumishi wa umma, kabila lolote, dini yoyote. Abdeali alitoa tikiti za gari la moshi na nguo za heshima. Bi Mwanakuu alitoa chumba cha juu, chakula, na baraza.

Mafunzo yenyewe yalikuwa magumu. Kijana akija likizo alikaa barazani kila siku baada ya alasiri, na mwenye shida yoyote mjini alikuja akaketi kando yake akasema. Kijana alikatazwa kumkatiza. Alikatazwa kusimama, kukuna sikio, na kutazama watu wapitao. Mwenye shida akimaliza, kijana aliirudia ile shida yote kwa kinywa chake, kisha akauliza, "Nimesema sawa?" Mwenyewe akisema "Sivyo," kijana alianza tena mwanzo. Alianza tena na tena, hata adhana ya magharibi imkute hapo, mpaka mwenyewe aseme, "Ndivyo hivyo." Hapo tu ndipo aliporuhusiwa kushika kalamu.

Kuna vijana waliolia. Kuna mmoja aliyerudi Makerere kwa gari la usiku, hakuaga. Kioko alibaki. Alikuwa Mkamba, Mkristo, baba yake fundi wa reli kule stesheni. Jumapili alikwenda kanisani na viatu vyake vya kung'aa, na Ramadhani alifunga bila ya kunuia, kwa kuwa hakuna aliyepika mchana. Alikuwa na masikio makubwa, na Bi Mwanakuu alimpenda kwa hayo masikio. Alisema mtu huyu Mungu alimuumba kwa kazi hii, kisha akamtia mikono na miguu ili asije akaonekana ajabu.

Sasa, katika afisi ile ya mambo ya mji kulikuwa na chumba cha ndani chenye mlango wake, pangaboi juu, na kiti cha mvule chenye mikono. Hicho ndicho kiti cha Afisa Msaidizi. Tangu kichongwe hakikupata kukaliwa ila na Mzungu. Baada ya vita serikali ilitangaza kwamba siku hizi mambo ni mapya, kiti kikiwa wazi mwenye elimu yeyote ataombea. Na kilikuwa karibu kuwa wazi, maana aliyekikalia alikuwa na homa ya kila mwezi na alitaka kurudi kwao.

"Wamshonea nguo mtoto hajazaliwa," Sheikha alimwambia Bi Mwanakuu. "Serikali haina kiti cha mtu mweusi."

"Atakikalia," akasema Bi Mwanakuu. "Na asipokikalia, nikifa usije matangani kwangu."

Basi hayo ndiyo yaliyokuwa yakingojwa, na mji mzima ulijua. Kioko aliingia afisini kwa ukarani wa chini, wakati wa kungoja siku ya mahojiano, na baraza likamfuata.

Saa sita Bi Mwanakuu alivaa buibui akaenda na chakula chake. Alilikuta baraza kwenye ujia wa afisi, limeegemea ukuta wa serikali kama aliyezaliwa hapo, watu wamelikalia mwisho hadi mwisho. Alilipiga kofi dogo la ubavuni, akawasalimu watu, akampa Kioko mahamri yake. Bwana Mkubwa wa afisi, mrefu mwenye masharubu ya rangi ya kutu, alitoka kuangalia. Alitaka kujua samani hii imeombwa na nani. Hakuna aliyeiomba. Akafikiri, akaagiza lipigwe rangi ya chanikiwiti, ambayo ndiyo rangi ya mabenchi yote ya serikali, na litiwe nambari.

Jioni baraza lilirudi nyumbani, chanikiwiti tupu. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, lakini si kwa rangi ile. Bi Mwanakuu alikasirika. Alikoroga chokaa akalipaka upya, akiyalaani masharubu ya yule bwana moja moja. Asubuhi lilitoka jeupe, jioni likarudi chanikiwiti. Wakaendelea hivyo, yeye na serikali, na hakuna kati yao aliyekubali kushindwa. Kwa kweli baraza lilinenepa kidogo kwa ajili ya rangi zile. Ijumaa lilirudi mapema, na sikukuu za mfalme halikwenda.

Lilikuwa na mazoea yake. Mtu aliyelikalia akakatizwa maneno, hakuweza kuinuka. Si kwamba alishikwa kwa nguvu, la. Aliona tu kwamba kuinuka hakuji. Mara ya kwanza ilimpata Bi Amtulla wa Bondeni, mjane aliyekuja kwa ajili ya mfereji wa maji uliokatwa. Karani mwingine alimwambia afupishe. Bi Amtulla akafupisha, na akabaki pale. Afisi ilifungwa saa za chakula akiwa pale. Wakamletea chai. Alasiri Kioko alimaliza watu wake, akaja akaketi kando yake akamsikiliza tangu siku alipoolewa, akairudia habari yote, naye akasema, "Ndivyo hivyo, mwanangu," akainuka, akaenda zake. Baada ya hapo Bwana Mkubwa aliagiza kwamba watu wote wa barazani wapelekwe kwa Kioko, ili afisi ifungwe kwa wakati.

Basi wakaja. Walitoka Bondeni, walitoka Mji wa Kale, wachukuzi wa bandarini, wake za watu wa reli, wenye maduka. Mambo yaliyokuwa yamelala miaka yakaamka na kutembea. Bi Amtulla akarudishiwa maji yake. Hata ule mfereji wa marehemu ulizibwa, na siku ulipozibwa kaburi lake lilionekana limeinuka kidogo, maana alikuwa amepungua uzito. Bi Mwanakuu alikwenda akalisawazisha kwa mkono. Njia nzima ya kurudi alikuwa akicheka peke yake. Alikuwa na fahari, na hakuificha; alipita mbele ya nyumba za watu polepole makusudi ili aulizwe.

Bwana Abdeali naye hakuweza kujizuia. Mtu wa leso furaha yake huitoa kwa leso. Akaagiza ng'ambo marobota ya leso mpya nyekundu, pindo nyeusi, picha ya kiti katikati, na jina lake chini: KITI KIMEPATA MWENYEWE. Meli zilichukua muda siku hizo, kwa hiyo aliagiza mapema, kabla ya mahojiano.

"Bwana Abdeali, si ungengoja?" Bi Mwanakuu alimwambia.

"Ningoje nini, dada yangu? Kuna mwengine ajuaye ile kazi?"

Bi Mwanakuu akarudi nyumbani kukoroga chokaa.

Siku ya mahojiano Kioko alivaa suti ya Abdeali. Ndani walikuwa Wazungu watatu nyuma ya meza. Walimuuliza mambo ya sheria akajibu. Walimuuliza mambo ya maji, taka na kodi za nyumba, akajibu na kuongeza. Kisha wa katikati akazungumza kwa muda mrefu na kwa upole sana. Alisema kazi ya Kioko ni safi, watu wanamwamini, hata wao wenyewe hawajui afisi ingekwendaje bila yeye. Lakini cheo hiki, alisema, chataka kitu fulani ambacho hakisomwi, mtu huzaliwa nacho, na taifa hukipata pole pole baada ya vizazi. Awe na subira. Wakati wake utafika, au wa wajukuu zake.

Kijana mwingine hapo angeshukuru akatoka, na huenda wangemkumbuka kwa adabu yake. Kioko alikuwa amelelewa na Chama cha Hidima. Alingoja mpaka bwana yule amalize kabisa. Hakukuna sikio. Kisha akayarudia, kwa Kizungu kizuri:

"Nimesikia hivi. Kazi naiweza. Watu wananikubali. Na kiti sipewi kwa sababu mimi ni mtu mweusi. Nimesema sawa?"

"Hatukusema hivyo," akasema wa katikati, shingo imewiva.

Na kanuni ni kanuni. Mwenyewe akikataa, unaanza tena mwanzo. Kioko akaanza tena, kwa utulivu ule ule, akauliza tena kama amesema sawa. Walikataa. Akaanza tena. Adhuhuri iliwakuta hapo, Kioko akirudia na wao wakikataa, mpaka wa katikati akainuka akafungua mlango mwenyewe.

Abdeali alipopata habari alishika kichwa. "Suti nimempa! Tai nimempa! Nani alimfundisha kusema vile?"

"Sisi," akasema Bi Mwanakuu.

Alimwita Kioko ukumbini, akamkalisha, akamtaka aeleze yote, na hakumkatiza. Alipofika kwenye yale maneno aliyowaambia, Bi Mwanakuu alipiga kigelegele kilichosikika mpaka sokoni. Kisha akaingia chumbani, akajifungia, akalia. Tusifichane, iliwauma. Kioko hakula siku ile, wala kesho yake, na baraza lilirudi jioni limechelewa, likakaa vibaya, upande mmoja umeinama.

Afisa Msaidizi mpya alikuja na meli kutoka kwao. Alikuwa kijana wa pua nyekundu, mpole, asiyejua njia ya kwenda sokoni wala maana ya neno shida. Meli ile ile ndiyo iliyoleta marobota ya Abdeali. Wachukuzi waliteremsha kwanza leso, kisha masanduku ya afisa, yakapangwa pamoja gatini, na KITI KIMEPATA MWENYEWE ikichungulia kwenye robota lililopasuka.

Abdeali alitaka kuyatia moto. Bi Mwanakuu akamjia dukani.

"Uza," akamwambia.

"Niuze uongo?"

"Uongo uko wapi? Mwenyewe yuko, kila mtu amjua. Kiti ndicho kilichopotea njia." Akajichukulia doti ya kwanza, akajifunga pale pale dukani. Haukwisha mwezi, leso hiyo ilikuwa imejaa Bondeni na Mji wa Kale, hata wale yaya wanaosukuma watoto wa Wazungu upande wa mnara wa taa walikuwa wamejifunga, na mabibi zao wakaisifu rangi.

Siku afisa mpya alipofika kazini, baraza halikuwa kwenye ujia. Lilikuwa limeingia chumba cha ndani, limekaa chini ya pangaboi, na kiti cha mvule kiko nje pamoja na watu. Mlango ulikuwa mwembamba kuliko baraza, na ukuta haukuwa na ufa. Bwana Mkubwa alitazama mlango, akatazama baraza, akaita wachukuzi. Wachukuzi walilisukuma mpaka jasho likawatoka, likakaa. Basi akaamua jambo la busara: akahamisha cheo. Meza, kiti, na kibao cha jina vikapandishwa ghorofani, ambako kulikuwa na chumba kizuri zaidi chenye upepo wa bahari. Jiwe halipandi ngazi. Wala watu hawakupanda. Walikuwa na magoti mabovu, mizigo, na mazoea yao. Kioko akabaki chini, na pangaboi na mlango wake, karani wa daraja lile lile. Kila alasiri alipanda ghorofani kumfundisha yule kijana kazi, na kijana akatia sahihi.

Siku moja asubuhi Bi Mwanakuu hakufagia. Alivaa leso ya kiti, buibui juu, akafuata njia baraza lilikopita. Hakuchukua mahamri. Afisini alingoja zamu yake kama wengine, na ilipofika akaingia, akaketi barazani.

"Sabalkheri, mama," akasema Kioko. "Leo hukuniletea chakula."

"Leo sikuja kwa chakula. Nina shida."

Kioko akaweka kalamu chini, akaketi kando yake.

Bi Mwanakuu akasema. Alikuwa mjane wa mtu wa maneno mapana na siku hiyo alimrithi. Alianzia kwa babu yake aliyejenga baraza. Akasema habari ya mumewe, ya chama, ya vijana waliolia, ya tikiti za gari la moshi, ya Ramadhani bila nia. Akasema amemlea mwana si wa tumbo lake akawa wa roho yake, na mwana huyo akafaulu kila walichomuuliza, na kiti chake akapewa mgeni. Mlango ulikuwa wazi. Watu waliokuwa nje walisogea mlangoni. Juu, nyayo za afisa mpya zilisimama.

Alipomaliza, Kioko akairudia.

"Umesema una kijana wako aliyeomba kazi, na kazi akapewa mwengine. Nimesema sawa?"

"Sivyo," akasema Bi Mwanakuu. "Anza tena."

"Umesema kijana wako alistahili, na hakupewa haki yake. Nimesema sawa?"

"Kijana wangu nani? Hana jina? Na kwa nini hakupewa? Anza tena, mwanangu. Mimi nina siku nzima, na kuinuka hakuji."

Kioko alitazama mikono yake. Masikio yake makubwa yalikuwa yamewaka. Alipoanza tena sauti ilikuwa ndogo, kisha ikakua, mpaka ikajaa chumba na ujia.

"Umesema mimi, Barnabas Kioko, kiti kile ni changu. Nilikisomea, nilikifanyia kazi, na watu wa mji huu wanajua kwamba ni changu. Nimenyimwa kwa sababu ya ngozi yangu, si kwa sababu nyingine. Na umesema wewe huoni aibu kwa ajili yangu." Akamtazama usoni. "Umesema unaona fahari. Nimesema sawa, mama?"

"Ndivyo hivyo," akasema Bi Mwanakuu, akainuka kwa wepesi kama msichana.

Kioko akaiandika shida hiyo kama zilivyoandikwa nyingine zote, ikapelekwa ghorofani. Ilirudi siku ya pili, na neno moja chini yake: Imepokelewa. Baraza halikupata kudai majawabu. Lilidai mtu asikizwe tu, na Bi Mwanakuu alikuwa amesikizwa.

Mwaka uliofuata, Zilpah Awiti, binti wa karani wa bandari, alimaliza mafunzo ya chama akaajiriwa afisi ya pili, ya mambo ya hospitali na uzazi, ukarani wa chini. Jumatatu yake ya kwanza Bi Mwanakuu alifungua mlango, fagio mkono huu na ndoo mkono huu. Sheikha alikuwa dirishani, amejifunga leso ya kiti, maana hata yeye alikuwa ameinunua.

"Na lile la kulia?"

"Limekwenda kazini."

"Masha Allah. Na kiti cha Kioko je?"

"Kingali juu," akasema Bi Mwanakuu, akamwaga maji, akafagia pande zote mbili.